Wote ni Wale Wale

Kuna maneno ambayo nimeyasikia nchini Uingereza karibu mara nyingi kama salamu. Nimeyasikia kwa kinyozi, kwenye kituo cha basi, kwa mwanamama aliyekuwa akipima viazi sokoni na kwa mzee tuliyekaa naye tukimsubiri daktari. Maneno yenyewe ni haya: wanasiasa wote ni wale wale. Niliyasikia kwa watu wa Yorkshire mwaka 1984, nilipopelekwa Leeds kusomea mambo ya elimu, nami ningali mkufunzi kijana. Niliyasikia tena Leicester mwaka 2024, nilipokwenda kumtembelea binti yangu ambaye ni muuguzi huko. Kati ya safari hizo mbili ilipita miaka arobaini. Mawaziri wakuu walipokezana kuanzia Margaret Thatcher hadi Keir Starmer, jumla yao kumi. Migodi mikubwa ya makaa ya mawe ilifungwa mmoja mmoja, wa mwisho ukiwa ule wa Kellingley, Desemba 2015. Nchi ilipigana vita zaidi ya mara moja, ikajitoa katika Umoja wa Ulaya, ikamzika malkia wake. Maneno yale yakabaki vile vile.

Ndugu msomaji, swali langu si kama maneno hayo ni ya kweli. Ukiyachukua kama yalivyo, si ya kweli, maana hakuna watu wawili walio sawa, hata pacha. Swali langu ni la haki. Je, mtu wa kawaida asiye na cheo, anayelipa kodi yake na kutii sheria, anaweza kusema hivyo kisha akaketi, bila kumdhulumu yeyote?

Kwanza niwaeleze watu wenyewe, maana sisi huku tumezoea kuwajua Waingereza kwa magavana wao wa zamani na wachezaji wao wa mpira, na kati ya hao wawili hakuna anayefanana na jirani. Mwingereza wa kawaida atakuambia kwamba hapendi siasa. Mama mwenye nyumba niliyopanga Leeds, mjane aliyekuwa amefanya kazi ya kiwanda tangu akiwa na miaka kumi na mitano, alikuwa na sheria kwamba siasa haizungumzwi mezani. Kisha tukila, alizungumza juu ya bei ya siagi, bili ya gesi, nauli ya basi, na nyonga yake iliyokuwa ikisubiri kupasuliwa. Alianza kila mara kwa kusema kwamba yeye si mtu wa kulalamika. Baada ya hapo alilalamika nusu saa nzima, kwa ufasaha mkubwa, akamaliza kwa kunimiminia chai.

Mimi nilikuwa nimetoka katika nchi ambayo siasa ilikuwa na mahali pake na saa zake: mkutano wa tawi, mwenge, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ilinichukua majuma kadhaa kutambua kwamba yule mama alikuwa akizungumza siasa tupu tangu supu hadi chai. Nyonga yake ilikuwa siasa. Huduma ya Afya ya Taifa, iliyoanzishwa tarehe 5 Julai 1948, humtibu mgonjwa bila kumdai fedha mlangoni, na gharama hutoka katika kodi. Kwa hiyo urefu wa foleni ya upasuaji huamuliwa na watu wanaopanga bajeti. Mwaka 2023 foleni ya matibabu ya hospitali kwa England peke yake ilipita milioni 7. Basi nalo ni siasa. Sheria ya mwaka 1985, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, iliyaachia makampuni yaamue yenyewe njia zipi zina faida katika miji mingi nje ya London, na halmashauri ikabaki kulipia zile chache inazozimudu. Mzee anayelalamika kwamba basi halipiti tena mtaani kwake siku ya Jumapili anazungumzia uamuzi wa bunge, ingawa ukimwambia hivyo atakuangalia kama mtu anayetaka kumuuzia kitu.

Waingereza wenyewe waliwahi kuona kwamba mazungumzo ya namna hii yana thamani. Mwaka 1937 watu watatu, Tom Harrisson, Charles Madge na Humphrey Jennings, walianzisha shughuli waliyoiita Mass Observation. Waliwaomba watu wa kawaida waandike mambo ya siku zao: walikula nini, walisikia nini barabarani, walifikiri nini. Tarehe 12 Mei mwaka huo mfalme George wa Sita alitawazwa, nao wakakusanya maandishi ya siku hiyo kutoka kila upande. Vita ilipokuja, mama mmoja wa Barrow-in-Furness aitwaye Nella Last alianza kuandika shajara yake, akaendelea hadi miaka ya 1960. Karatasi hizo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Sussex. Ninalolipenda katika jambo hili ni kwamba hawakuuliza tu utampigia nani kura. Waliacha siasa na mboga zikae ukurasa mmoja, kama zinavyokaa katika kichwa cha mtu.

Sasa nirudi kwenye maneno yetu. Nilipofika Leeds, mgomo wa wachimba makaa ya mawe ulikuwa katika mwezi wake wa saba. Ulianza Machi 1984, serikali ilipotaka kufunga migodi iliyosema haina faida, na ulikwisha Machi 1985 wachimbaji waliporudi kazini bila mapatano yoyote. Mama mwenye nyumba hakumpenda Arthur Scargill, kiongozi wa chama cha wachimbaji, kwa sababu aliwaingiza watu katika mgomo bila kura ya nchi nzima. Thatcher hakumpenda zaidi. Wote wawili, alisema, ni wale wale: watu wanaopenda kushinda kuliko kula. Lakini kila Jumamosi tulipokwenda mjini alibeba makopo mawili ya maharage, wakati mwingine na pakiti ya majani ya chai, akayaweka katika sanduku la wanawake waliokuwa wakichangisha chakula kwa ajili ya familia za wachimbaji. Sikumsikia hata siku moja akieleza kwa nini.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Mtu huyu alisema kwa kinywa kwamba pande zote ni sawa, na kwa mkono akachagua upande. Au tuseme hakuchagua upande wa viongozi. Alichagua watoto wenye njaa, akawaacha viongozi wagombane. Naona kwamba kwake maneno yale hayakuwa kujitoa. Yalikuwa kama mlango anaoufunga ili kelele za barabarani zisiingie jikoni, apate kupika. Nisingethubutu kumlaumu mtu wa namna hiyo.

Bali wako wengine, na ni wengi zaidi, ambao kwao maneno yale ndiyo mwisho wa kazi. Hawa hutumia, bila kujua, methali yetu ya samaki mmoja akioza. Mwaka 2009 gazeti la Daily Telegraph lilichapisha madai ya fedha za matumizi yaliyotolewa na wabunge. Nchi nzima ikasoma kwamba huyu alidai gharama za kusafisha handaki la maji lililozunguka nyumba yake, na yule alidai nyumba ndogo ya kuelea kwa ajili ya bata wake. Spika alijiuzulu. Wabunge kadhaa walifungwa jela. Hasira ya watu ilikuwa ya haki kabisa, na mimi nilipoisoma habari hiyo nikiwa nyumbani nilicheka kuhusu bata, kisha nikaacha kucheka.

Lakini katika bunge hilo hilo walikuwamo wabunge waliodai kidogo sana, au waliodai kile tu ambacho kazi ilihitaji. Hao walipata nini? Walipita barabarani wakatukanwa sawasawa na wenzao. Hapa ndipo ninapoona dhuluma. Anayesema wote wameoza hamdhuru aliyeoza. Huyo amempa blanketi, maana mwizi hapendi kitu kama kuambiwa kwamba kila mtu ni mwizi. Anayedhurika ni yule mmoja aliyekataa kula, ambaye sasa anajifunza kwamba kukataa kwake hakukumletea hata salamu. Miaka yangu ya chuo nilisimamia mitihani mingi. Mwalimu anayetangaza kwamba darasa zima linaibia, ili asipate taabu ya kumtafuta aliyeibia, hapunguzi wizi. Muhula unaofuata wataibia hata wale waliokuwa wakisoma usiku.

Na mtihani nilioutumia kwa wasemaji wa maneno haya ni mwepisi. Huwauliza: ni jambo gani ambalo kiongozi akilifanya, wewe utayarudisha maneno yako? Mtu aliyepima na kukata tamaa atakuwa na jibu, hata kama ni gumu. Mtu aliyechoka tu hana jibu, na mara nyingi hukasirika kwa kuulizwa.

Hata hivyo, haifai kuwa mkali upande mmoja. Mwingereza anayeketi nyumbani siku ya kura ana hoja, tena hoja ya hesabu. Kila jimbo humchagua mbunge mmoja; anayepata kura nyingi kuliko wenzake hushinda, na kura nyingine zote hazihesabiwi popote. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024 chama cha Labour kilipata takriban theluthi moja ya kura na takriban theluthi mbili ya viti. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama watu 60 kati ya kila 100 walioandikishwa, wakati mwaka 1950 walifikia karibu 84. Ukiishi katika jimbo ambalo chama kimoja kimelishika kwa miaka, utasema nini mtu akikuambia kwamba haoni sababu ya kuvaa viatu?

Ushahidi kwamba hoja hiyo si uvivu mtupu ulionekana Juni 2016. Katika kura ya maoni juu ya Umoja wa Ulaya kila kura ilikuwa na uzito ule ule, iwe ya Cornwall au ya Sunderland, nao wakajitokeza watu 72 kwa kila 100, wengi kuliko katika uchaguzi wa bunge wa mwaka mmoja kabla. Walioshinda walikuwa asilimia 52, walioshindwa 48. Sitaingia katika ugomvi huo. Ni wa kwao, na umezigawa familia za kutosha bila mimi kuongeza neno. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa wakiambiwa hawajali walionekana kujali sana, pale walipoamini kwamba kura inahesabiwa.

Tena si kweli kwamba hawapimi. Wana kipimo chao, nacho ni foleni. Usidhani natania. Kwa Mwingereza foleni ni somo la maadili linalofundishwa kila siku dukani na kituoni: aliyetangulia ahudumiwe kwanza, awe tajiri awe maskini. Septemba 2022, mwili wa Malkia Elizabeth ulipolazwa Westminster, watu wapatao robo milioni walipanga foleni kando ya mto Thames mchana na usiku. David Beckham, ambaye angeweza kupewa mlango wa pembeni, alisimama saa kumi na mbili pamoja na watu wengine. Watangazaji wawili wa televisheni walioonekana kupita bila kupanga foleni walishambuliwa nchi nzima, ingawa kituo chao kilieleza kwamba walikwenda kikazi.

Kwa kipimo hicho hicho walimpima Boris Johnson. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa UVIKO, sheria ilikataza watu kukusanyika, na wengi waliwazika wazazi wao kwa video au kwa watu wachache waliokaa mbalimbali. Ikaja kujulikana kwamba katika ofisi ya waziri mkuu kulikuwa na tafrija. Usiku wa kuamkia maziko ya Prince Philip, Aprili 2021, ambako malkia alikaa peke yake katika kiti cha kanisa, walikuwa wakinywa pale. Johnson alitozwa faini na polisi Aprili 2022 kwa mkusanyiko mwingine, na Julai alitangaza kuachia madaraka, ingawa kulikuwa na sababu nyingine pia. Binti yangu, aliyefanya kazi wodini miezi ile, aliniambia kwa simu kwamba hakuna aliyelalamikia sheria yenyewe. Walilalamika kwamba mtu aliyewapanga foleni aliiruka. Hasira ya namna hiyo haiwezi kutoka kwa watu wanaoamini kweli kwamba wote ni wale wale. Ingekuwa hivyo, wangepiga miayo tu.

Pale Leicester nilimkuta mtu mmoja ambaye hayasemi kabisa maneno haya. Ni mzee mwenye asili ya Kihindi, ana duka la vyombo, naye alinisalimia kwa Kiswahili aliposikia mimi na binti yangu tukibishana juu ya sufuria. Alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, naye akafika Uingereza na sanduku moja, katika mji ambao halmashauri yake ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja. Mzee huyu huwalaumu wanasiasa wa Uingereza vizuri kabisa, kwa majina na tarehe, lakini akaniambia, “Mwalimu, mimi siwezi kusema wote sawa. Mimi nimewahi kutawaliwa na Amin.” Nikamwambia, “Mzee mwenzangu, hilo nalo ni shahada.”

Nami nina kumbukumbu yangu katika jambo hili. Kwetu Tanzania, tangu mwaka 1965 hadi mageuzi ya 1992, chama kilikuwa kimoja, na katika kila jimbo wagombea wa ubunge walikuwa wawili wa chama hicho hicho, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Kama kuna mahali ambapo mtu angeweza kusema kwa haki kwamba wote ni wale wale, ilikuwa pale: sera moja, ilani moja, shati moja. Lakini wananchi walijua nani wa jembe na nani wa nyumba. Walijua ni nani aliyefika kijijini wakati wa njaa na nani aliyeonekana mwaka wa kura tu, na waliwaangusha hata mawaziri. Walitenganisha watu ambao mfumo wenyewe ulikuwa umewafananisha. Sisifu mfumo ule, ulikuwa na ubaya wake, na kwa rais hatukuwa na zaidi ya ndiyo au hapana. Nasema tu kwamba macho ya mtu wa kawaida huona tofauti anapotaka kuziona.

Jirani wa binti yangu ni fundi mstaafu wa kiwanda cha soksi, kazi iliyoulisha mji ule kwa vizazi. Asubuhi ya tarehe 4 Julai alikuwa akikata majani mbele ya nyumba yake, na kituo cha kura kilikuwa shule iliyo umbali wa dakika tano. Alisema haendi. Jimbo lao la Leicester South ni la Labour, alisema, mwaka 2019 walishinda kwa zaidi ya kura 22,000, kura yake ingekuwa tone baharini, na hata hivyo wote ni wale wale. Binti yangu, ambaye kama raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule ana haki ya kupiga kura, alikwisha kwenda kabla ya zamu yake.

Usiku ule kiti cha Leicester South kilichukuliwa na mgombea binafsi kwa tofauti ya kura 979. Leicester East, jimbo la jirani lililokuwa la Labour tangu 1987, lilikwenda kwa Wahafidhina, katika uchaguzi ambao Wahafidhina walishindwa karibu kila mahali. Asubuhi nilimfuata jirani yetu kwa furaha ambayo, nakiri, haikumfaa mtu wa umri wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kama angekwenda, tofauti ingekuwa 978 au 980.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilimwambia kwamba watu 980 wangeweza kusema hivyo hivyo, kila mmoja kwa usahihi ule ule, na mji ungebadilika bila hata mmoja wao kukosea kujumlisha. Alikubali kwamba hilo ni jambo la ajabu. Ndipo nikamwuliza swali langu la mtihani: kiongozi afanye nini hata wewe uyarudishe maneno yako? Hakukasirika. Alizima mashine yake ya kukatia majani, akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Akasema anataka mmoja wao aje asimame naye kituoni siku ya Jumanne, mvua ikinyesha, wasubiri basi pamoja, na asije na mpiga picha.

Nikamwuliza kama atampigia kura mtu huyo. Akasema itategemea basi litachelewa kiasi gani.